Hodi kwa Asiyefika Hospitali: Historia ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Hesabu za Afya Tanzania

Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, nchi ilipata pia sheria yake ya takwimu, na chini ya sheria hiyo ikaanzishwa Ofisi Kuu ya Takwimu. Si tukio linalotajwa kwenye gwaride la Desemba. Lakini ofisi hiyo, ambayo leo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani NBS, ndiyo iliyotuambia sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha yetu wenyewe: watoto wangapi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, kina mama wangapi hupoteza maisha kwa uzazi, kaya ngapi haziwezi kumudu mahitaji ya lazima.

Ofisi hiyo ina kazi nyingine nyingi. Ndiyo inayotangaza mfumuko wa bei kila mwezi na kukokotoa pato la taifa. Hapa tunafuata upande mmoja tu, ule wa afya na ustawi wa jamii. Upande huo una ugumu wake: hospitali inamjua aliyefika hospitali, na zahanati inamwandika aliyepanga foleni. Yule aliyejifungulia nyumbani, au aliyezikwa bila daktari kumwona, hayumo katika vitabu vyao. Lazima mtu amfuate kwake, abishe hodi, aulize.

Kuhesabiwa kabla ya uhuru

Watu wa Tanganyika walihesabiwa mara kadhaa chini ya ukoloni, lakini kwa miongo mingi hesabu hizo zilitegemea taarifa za machifu na orodha za kodi. Mtu aliyejua kwamba kila kichwa kinachoandikwa kitadaiwa kodi hakuwa na sababu ya kutaja vichwa vyote vya nyumbani kwake. Woga huo ulibaki kwa vizazi, na makarani wa baadaye waliukuta mlangoni.

Mabadiliko yalikuja 1948. Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, iliendesha sensa kwa pamoja Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tanganyika ilionekana kuwa na watu wapatao milioni 7.5, na sensa ya 1957 ikaonyesha milioni 8.8. Katika idara hiyo alifanya kazi kijana Mskoti, William Brass, tangu 1948 hadi 1955. Tatizo lililomkabili lilikuwa hili: utapimaje vifo vya watoto katika nchi isiyoandikisha vizazi wala vifo?

Jibu alilolijenga miaka ya baadaye, akitumia data za Afrika, ni jepesi kulieleza. Muulize kila mwanamke amezaa watoto wangapi, kisha muulize wangapi wako hai. Tofauti ya majibu hayo mawili, ikipangwa kwa umri wa mama, inatosha kukadiria uwezekano wa mtoto kufa akiwa mchanga. Haihitaji daktari, cheti, wala kumbukumbu ya tarehe.

Majibu ya kina mama

Sensa ya kwanza ya Tanzania huru ilifanyika Agosti 1967 na kuhesabu watu milioni 12.3. Ilikuwa pia sensa ya mwisho kuuliza dini na kabila, maswali ambayo serikali iliyaondoa kwa kuhofia mgawanyiko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na watakwimu kuyachambua matokeo, na kitabu cha uchambuzi huo, kilichohaririwa na Bertil Egerö na Roushdi Henin, kilitoka 1973. Taifa likawa na picha ya vifo vya watoto wake iliyotokana na majibu ya kina mama wenyewe.

Sensa zilizofuata ziliendeleza uzi huo. Kutokana na sensa ya 1978 ilikadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 137 walikufa kabla ya mwaka mmoja. Sensa ya 1988 ilitoa makadirio ya 115. Mtoto mmoja katika kila tisa bado ni msiba mkubwa, lakini mwelekeo ulianza kuonekana.

Wakati huo nchi ilikuwa inajitengenezea pia watu wa kuifanya kazi hiyo. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na hadi leo kinafundisha wanafunzi wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika zinazotumia Kiingereza. Watakwimu wengi wa wilaya na wa wizara walipitia pale.

Wadadisi waingia nyumbani

Sensa huja mara moja kwa miaka kumi au zaidi, na haiwezi kuuliza kila kitu. Mwaka 1991/92 Ofisi ya Takwimu, wakati huo ikiwa chini ya Tume ya Mipango, iliendesha utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto kwa msaada wa Marekani. Wanawake 9,238 walihojiwa. Utafiti huo ulirudiwa 1996, 1999, 2004/05, 2010, 2015/16 na 2022. Tangu Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar ilipoimarika, ofisi hizo mbili hufanya kazi hiyo kwa pamoja, bara na visiwani, zikishirikiana na wizara za afya.

Anayefanya kazi mlangoni huitwa mdadisi. Hafiki peke yake. Huongozana na mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa mtaa, kwa sababu mgeni mwenye begi na maswali hupokelewa kwa mashaka. Kaya hachagui yeye. Zimekwishapangwa ofisini kwa bahati nasibu, na haruhusiwi kuiruka nyumba ya mbali ili aingie ya jirani. Asipomkuta mwenyeji, atarudi. Kwanza huorodhesha wanaoishi pale na wageni waliolala usiku uliopita. Kisha huomba kukaa faragha na kila mwanamke wa umri wa miaka 15 hadi 49. Maswali ya ukatili wa kijinsia huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, na mume akiingia, mdadisi hubadili mazungumzo.

Pale ambapo mama hakumbuki mwaka aliojifungua, hutumika kalenda ya matukio. Mtoto alizaliwa kabla au baada ya MV Bukoba kuzama? Mvua za El Niño zilipokuja alikuwa anatambaa au anatembea? Kwa njia hiyo, mtu ambaye hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa hupata umri unaotosha kwa hesabu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya ndugu. Mdadisi humwomba mwanamke awataje watoto wote waliozaliwa na mama yake mzazi, kuanzia wa kwanza hadi kitinda mimba, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Mtoto wa mama mdogo hahesabiwi hata kama walilelewa chungu kimoja. Kwa kila dada aliyefariki akiwa amefikia umri wa kuzaa huulizwa: alikuwa mjamzito? Alifia katika uchungu? Au ni katika miezi miwili baada ya kujifungua? Msingi wa mbinu hii ulichapishwa 1989 na Wendy Graham, William Brass na Robert Snow. Brass yule yule wa Nairobi. Maarifa yalianza kujengwa katika ofisi ya Afrika Mashariki, yakazunguka vyuo vya Uingereza, yakarudi kwenye mikeka na viti vya uani huku kwetu.

Kwa sababu wadadisi walikubali kuuliza na wanawake wakakubali kujibu, Tanzania ilipata namba ambayo vitabu vya hospitali visingeweza kuitoa. Mwaka 2004/05 ilikuwa vifo 578 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000.

Wakala wa serikali, na tone la damu

Tarehe 26 Machi 1999 ofisi ilipewa hadhi mpya ya wakala wa serikali na jina tunalolijua leo. Wakala ana bodi, ana mipango yake, na anaweza kupokea kazi za kitakwimu kutoka taasisi nyingine. Hadhi hiyo ilikuja wakati Ukimwi umeshika kasi na nchi haikuwa na kipimo cha kitaifa cha maambukizi. Makadirio yalitegemea damu za wajawazito waliohudhuria kliniki teule na za waliojitolea damu. Watu wa aina hizo mbili hawawezi kuwakilisha taifa zima.

Utafiti wa viashiria vya Ukimwi wa 2003/04 uliziba pengo hilo. Wadadisi waliomba tone la damu ya kidole, wakalidondosha kwenye karatasi maalumu na kuliacha likauke. Karatasi ilibandikwa namba, si jina. Mhojiwa hakupewa majibu pale. Alielekezwa kwenye kituo cha ushauri nasaha kama alitaka kujua hali yake. Matokeo yalionyesha kwamba asilimia 7 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49 Tanzania Bara walikuwa na virusi. Mwaka 2011/12 kiwango cha nchi nzima, bara na visiwani, kilikuwa asilimia 5.1, lakini Njombe kilikuwa asilimia 14.8. Namba hiyo ya Njombe isingeonekana kama nchi ingeendelea kutazama wastani wake tu.

Malaria nayo iliingizwa kwenye tafiti hizo. Mwaka 2007/08 watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 bara, na chini ya asilimia 1 Zanzibar. Ripoti moja ilionyesha kazi iliyofanyika visiwani na kazi iliyobaki ng'ambo ya mkondo.

Namba zilipokataa kupendeza

Ofisi ya takwimu hupimwa siku ambayo namba haimfurahishi aliyeiagiza. NBS imepitia siku kama hizo zaidi ya mara moja.

Ya kwanza ilitokana na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2007. Katika utafiti wa namna hii, kaya hupewa daftari na kuandika matumizi yake siku baada ya siku: unga, mafuta ya taa, nauli, ada, hata mahindi yaliyotoka shambani kwao bila kununuliwa. Uchumi ulikuwa unakua kwa karibu asilimia 7 kwa mwaka, na nchi ilikuwa kwenye MKUKUTA, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini. Wengi walitarajia umaskini uwe umeporomoka. Ripoti ikasema umeshuka kutoka asilimia 35.7 mwaka 2000/01 hadi 33.6 tu, na kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, maskini hawakupungua kwa vichwa. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliotilia shaka mbinu, wapo waliouliza ukuaji huo ulikwenda mfukoni mwa nani. Lakini ripoti ilikuwa mezani, na swali likawa la taifa zima.

Ya pili ilikuja na utafiti wa 2015/16. Vifo vya uzazi, vilivyokuwa 454 katika ripoti ya 2010, vilionekana kuwa 556. Magazeti yakaandika kwamba hali imerudi nyuma. Ripoti zenyewe zilikuwa na uangalifu zaidi. Ile ya 2010 ilieleza kwamba namba halisi inaweza kuwa popote kati ya 353 na 556. Ya 2015/16 ikaeleza kuwa inaweza kuwa popote kati ya 446 na 666. Vipimo vinavyoingiliana kiasi hicho havithibitishi kupanda wala kushuka. Tena kila kimoja kilikuwa wastani wa miaka kumi iliyotangulia, hivyo tafiti mbili zilizopishana takribani miaka mitano zilichangia karibu nusu ya kipindi. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba mambo yamekuwa mazuri, na vifo vya uzazi vikaendelea kuwa hoja bungeni na wizarani.

Katika ripoti ile ile, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kuwa na mimba walipanda kutoka asilimia 23 hadi 27. Malaria kwa watoto ilipanda kutoka asilimia 9 ya 2011/12 hadi 14. Zote zilichapishwa. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na serikali inayoficha kiwango cha mimba za utotoni haitawapunguza wasichana wanaoacha shule.

Sheria, na nani ana haki ya kuhesabu

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Takwimu. Iliimarisha uhuru wa ofisi, ikasisitiza kuwa taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri na haziwezi kutumiwa kumdai kodi wala kumshtaki. Dkt. Albina Chuwa, aliyeongoza NBS katika sensa za 2012 na 2022, ndiye sura ambayo Watanzania wengi waliizoea kwenye meza ya mikutano ya waandishi wa habari.

Septemba 2018 sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho yaliyozua kelele ndani na nje ya nchi. Kuchapisha takwimu zenye lengo la kupotosha au kupinga zile rasmi kulifanywa kosa, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Watafiti, asasi za kiraia na Benki ya Dunia walisema wazi kwamba hatua hiyo ingeziba midomo na kuziondolea takwimu rasmi heshima yake. Juni 2019 Bunge liliondoa vifungu hivyo. Kipindi hicho kifupi kiliacha funzo: namba ya serikali huaminiwa kwa sababu mtu mwingine anaruhusiwa kuihakiki. Ikilindwa kwa polisi, hata ile iliyo sahihi hutiliwa shaka.

Imani ya wananchi nayo haikuja bure. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vilihimiza watu wasusie sensa kwa kuwa dodoso halikuuliza dini. Makarani walifungiwa milango katika maeneo kadhaa, na viongozi wa mitaa na wa dini wakalazimika kuzunguka kuwashawishi watu. Sensa hiyo ilihesabu watu 44,928,923. Iliuliza pia kuhusu vifo vilivyotokea katika kaya kwa miezi 12 iliyopita, ikatoa makadirio ya vifo vya uzazi 432. Ilipima ulemavu kwa kuuliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, na kuwaorodhesha watu wenye ualbino, kundi ambalo wakati ule lilikuwa likiwindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina.

Miaka ya vishikwambi

Sensa ya 23 Agosti 2022, ikiwa na Spika mstaafu Anna Makinda kama Kamisaa, iliachana na karatasi. Makarani waliingia mitaani na vishikwambi, na baada ya kazi vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Watu walikuwa 61,741,120. Kwa kila mhandisi wa maji na kila mganga mkuu wa wilaya, namba hiyo ilibadili hesabu: dozi za chanjo ngapi, vitanda vingapi, wakunga wangapi.

Mwaka huo huo wadadisi wa utafiti wa afya walitembelea kaya 15,705 na kuzungumza na wanawake 15,254. Matokeo yalikuwa makubwa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, vilivyokuwa 112 kwa vizazi hai 1,000 mwaka 2004/05, vilifikia 43. Waliojifungulia katika vituo vya afya walifika asilimia 81, kutoka 50 mwaka 2010. Udumavu ulishuka kutoka asilimia 42 hadi 30 katika kipindi hicho. Na vifo vya uzazi vilitajwa kuwa 104. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipewa tuzo ya Taasisi ya Gates kwa ajili ya kushuka huko kutoka 556.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa mbinu nyingine, yalikuwa yamekadiria 238 kwa mwaka 2020. Njia zote mbili zinakubaliana kwamba kina mama wanaokufa wamepungua. Kwa kiasi gani, hazikubaliani. Ofisi yenye heshima haioni haya kusema hivyo, kwani utafiti wa sampuli ni makadirio, na unachukua nafasi ya kitu ambacho nchi bado haijakikamilisha: kuandikisha kila kifo na chanzo chake. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ilianza mwaka 2013, mkoani Mbeya, mpango wa kuwapatia watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa karibu na nyumbani kwao. Vyeti vya vifo bado viko nyuma sana. Familia nyingi hukifuata cheti pale tu penye mirathi au mafao ya kudai.

Na ndani ya namba hizo njema kuna moja iliyokataa kusogea. Watoto wanaokufa ndani ya siku 28 za mwanzo walikuwa 26 kwa vizazi hai 1,000 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16, na 24 mwaka 2022. Vyandarua, chanjo na dawa za kutibu kuharisha vimewaokoa wakubwa wao. Mtoto mchanga anahitaji mkunga mwenye ujuzi, joto, oksijeni, na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa nane usiku. Mtu anayesoma kurasa za ripoti hiyo anajua fedha zijazo ziende wapi.

Nani alipie hodi

Kuanzia 1991/92 tafiti kubwa za afya za nchi hii zilitegemea kwa kiasi kikubwa fedha na wataalamu wa Marekani. Mapema 2025 serikali ya Marekani iliusitisha ulimwenguni kote mpango wake uliogharimia tafiti hizo. NBS ina wadadisi waliokomaa, ina makao makuu Dodoma na ofisi mikoani, ina chuo Dar es Salaam kinachofundisha takwimu tangu 1965. Ujuzi upo nyumbani. Bajeti ndiyo iliyokuwa ya watu.

Ofisi iliyoanza na sheria ya 1961 imetufikisha mahali pa kujua kwamba mtoto wa Tanzania ana nafasi ya kuishi ambayo bibi yake hakuweza kumhakikishia mama yake. Maadhimisho yanayoifaa ni kifungu katika bajeti ya serikali, kila mwaka, cha kugharimia utafiti ujao wa afya na usajili wa vifo hadi kijijini, bila kusubiri mfadhili. Wizara inayotangaza 104 kwa fahari ina wajibu wa kulipia namba inayofuata, iwe imeshuka au imepanda.